Sehemu ya Mjane

Igogo, Mwanza
9 Februari 2025

Wifi yangu Justa,

Shikamoo. Mama naye namwamkia, magoti yake yanaendeleaje na baridi hii ya asubuhi? Sisi huku tunashukuru Mungu. Nice amerudi bweni kuanza kidato cha tatu, na safari hii hakulia getini. Rose yuko darasa la nne, meno ya mbele yameota yote na sasa anacheka bila kuziba mdomo. Mvua imenyesha sana. Maji ya ziwa yamepanda mpaka kwenye mawe tuliyozoea kuanikia nguo.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu najua masikio yanakusumbua kwenye simu, na simu yenyewe anaishika shemeji Muganyizi. Ninayotaka kusema si ya kupitia kwa mtu. Barua hii nampa kondakta wa basi la Muleba, yule anayekufahamu.

Wifi, mwezi wa tano kaka yako Rugemalira atakuwa ametimiza miaka minne kaburini. Kuna mtu amenitaka ndoa. Anaitwa Chenge, ni Msukuma wa Magu, fundi wa injini za boti. Mke wake alifariki kabla ya Rugemalira. Anasali Katoliki na anataka tufunge ndoa kanisani, ila amesema hatafanya lolote kabla hajafika kwenu kusalimia. Jumapili huja hapa kula chakula cha mchana, kisha huenda zake.

Naomba neno la familia. Naomba na jambo la pili. Wanawake wa jumuiya wananiambia nikiolewa pensheni ya marehemu inakatwa. Mwingine anasema haikatwi, ni haki ya mjane mpaka kufa. Mimi nachapa hati za watu kila siku pale stesheneri karibu na mahakama, lakini hili silijui. Mshahara wangu unatosha pango na mboga. Karo ya Nice inatoka kwenye pensheni.

Nijibu mwenyewe, tafadhali.

Wako,
Josepha


Kibanja cha Marehemu Baba, Muleba
23 Machi 2025

Mama Nice,

Marahaba. Mama anakusalimu. Magoti ni yaleyale, ila sasa anatembea na fimbo na hataki watu waione, akisikia hodi anaisukuma uvunguni. Unisamehe kwa kuchelewa. Maharage yalikuwa shambani, halafu kukawa na msiba kwa jirani, halafu kalamu ikakosekana. Kahawa mwaka huu imechanua vizuri. Migomba ya upande wa kaburi imeanguka miwili kwa upepo, nimeiegemeza.

Rose asizoee kuchezea maji ya ziwa, kuna kichocho.

Barua yako niliisoma. Mama sikumsomea. Ana presha na mtu wa umri wake haambiwi kila kitu kwa siku moja. Huyo Chenge sina neno juu yake kwa sababu simjui, wala ukoo wake siujui. Wewe una miaka mingapi sasa, arobaini na tatu? Mimi nilibaki mjane nikiwa na thelathini na moja, na nipo.

Kuhusu pensheni najua jambo moja tu, kwamba ni jasho la ndugu yangu. Alipima viwanja vya watu juani miaka kumi na minane. Waulize wenyewe wa ofisini, usiwaulize wanawake wa jumuiya.

Muganyizi anauliza kwa nini siku hizi unaandika barua. Nimemwambia ni habari za watoto.

Subiri kwanza. Haraka ya nini?

Ni mimi,
Justa


Igogo
22 Aprili 2025

Wifi yangu,

Shikamoo, na heri ya Pasaka. Tulikesha parokiani, Rose akasinzia na mshumaa mkononi nusura achome kilemba cha mama wa mbele. Nice yuko likizo. Amerefuka, ana sauti ya shangazi yake kabisa.

Nilifuata ulivyosema, nikaenda ofisi za mfuko wa pensheni pale Nyamagana. Nilipokelewa na karani mmoja mtu mzima, anaitwa Malimi. Nikamuuliza wazi: "Mjane akiolewa, pensheni inaendelea?"

Akasema, "Mifuko haifanani, mama. Kwa huu wetu, sehemu ya mjane inakoma siku anapoolewa. Sehemu ya watoto haiguswi mpaka wafike umri wao."

"Na ile yangu inakwenda kwa nani?"

"Haiendi kwa mtu. Inakoma."

Nikamuuliza, kwa sauti ya chini, na je, watu wakikaa pamoja tu bila ndoa? Akavua miwani. "Mama, umeniuliza habari za ndoa, nimekujibu habari za ndoa. Hilo jingine usiniulize nikiwa nimekaa kwenye kiti hiki."

Nilipomweleza Chenge alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Kuna wengi wanakaa hivyo, wanaogopa kukatwa. Mimi sitaki kuwa mtu wa kufichwa. Na kanisani nitapokeaje komunyo?" Tukakubaliana tusubiri mpaka Nice amalize kidato cha nne.

Nice alitusikia. Usiku ule wakati wa kuosha vyombo aliniuliza, "Kwa hiyo ukiolewa baba ataacha kutulisha?" Nilimwambia asuuze sufuria.

Neno la familia bado sijalipata, wifi.

Josepha


Muleba
11 Mei 2025

Mama Nice mpendwa,

Habari za siku nyingi, na pole kwa kumbukumbu ya marehemu inayokuja. Sisi wazima. Mama mzima. Mbuzi amezaa mapacha, wote majike. Barabara ya kwetu wameichonga upya, sasa bodaboda anakufikisha mpaka mlangoni. Paroko amehamishwa, ameletwa kijana anayehubiri mpaka mtu anasahau amekuja kufanya nini.

Nimempa kondakta mkungu wa ndizi, ndoo ya maharage mapya na senene wa kukaanga, nimewachambua mwenyewe siku mbili. Rose ale. Na gauni lile la kitenge ni la Nice, nilimshonea kwa kukisia urefu, umesema amerefuka.

Mengine tutaongea.

Kama huna shida kubwa usiende ofisini kwa mfuko kwa sasa. Kila ukienda unawakumbusha jina lako.

Mungu akulinde.
Justa


Igogo
22 Juni 2025

Wifi,

Shikamoo. Mzigo ulifika wote, asante. Gauni la Nice limemkaa kama alipimwa. Mama nampa pole ya magoti.

Pensheni haijaingia mwezi wa tano wala wa sita. Ya watoto imeingia, yangu haikuingia. Juzi nikaomba ruhusa kazini nikaenda. Malimi aliponiona alifunga mlango kwanza.

"Mama Nice, kuna barua kwenye jalada lako. Imekuja mwezi wa tano mwanzoni. Inasema umeolewa kimila Desemba, na mahari ya ng'ombe imetolewa Magu. Wamesaini ndugu wawili wa marehemu."

Nikamwambia hakuna ng'ombe aliyetolewa, wala ndama, wala mbuzi. Akasema anaamini, lakini imani yake si nyaraka. Akafungua jalada kusoma tarehe. Majina aliyafunika kwa kiganja, maana haruhusiwi kuonyesha. Hakufunika mwandiko.

Justa, mimi kazi yangu ni kusoma miandiko ya watu na kuichapa. Na huo mwandiko ninausoma kila barua inayotoka Muleba. Herufi g yenye mkia uliopinda kama ndoano. Neno "marehemu" lililoachanishwa katikati.

Niambie siyo wewe. Nitakuamini.

Wanataka nilete hati ya kiapo. Fomu yao siyo ya kusema tu kwamba sijaolewa. Inasema pia, "wala siishi na mwanamume yeyote kama mume wangu." Na hapa, wifi, lazima nikuambie nililokuficha. Si kweli kwamba Chenge huja Jumapili na kuondoka. Amekaa hapa tangu Januari, hata yale ya komunyo niliyokuandikia aliyasema akiwa tayari amehamia. Niliona aibu kuiandika kwako, na bado naona. Barua yenu imesema uongo juu ya ng'ombe, lakini nyuma ya uongo huo kuna kitu cha kweli, ndiyo maana nashindwa hata kupiga kelele.

Nimechapa hati za namna hii kwa wajane wengi nisiohesabu. Nilikuwa nawaza tu kama karatasi zitatosha.

Nasubiri jibu lako.

Josepha


Igogo
20 Julai 2025

Wifi Justa,

Shikamoo. Kondakta ameniambia barua ya mwezi uliopita alikukabidhi mkononi, ukaisoma umesimama palepale kituoni, ukamwambia hakuna majibu. Tangu daraja lifunguliwe hakuna tena foleni ya kivuko ya kusingizia. Basi linaondoka asubuhi, mchana liko kwenu.

Basi mimi nakuandikia hivyohivyo, kwa kuwa sina mwingine wa kumwambia.

Nilimwambia Chenge habari za fomu. Nikamwambia, "Nataka uhame." Alikuwa anakula. Alimaliza chakula, akanawa, akakunja nguo zake kwenye begi la plastiki. Sanduku la spana alilibeba begani. Rose akamuuliza unakwenda wapi, akasema, "Igombe, kuna injini nyingi zimekufa kule." Mlangoni akaniuliza jambo moja tu: "Siku ngapi zinatosha ili iwe kweli?"

Nilikaa wiki mbili. Kisha nikaenda kwa wakili tunayepakana naye ukuta, mama Mhoja, ambaye hati zake zote nazichapa mimi. Aliitazama karatasi, akanitazama usoni.

"Josepha, unajua huwa sikuulizi. Leo nakuuliza. Hii unaweza kuiapa?"

"Leo naweza."

"Na mwezi uliopita?"

"Karatasi haisemi mwezi uliopita."

Akanipa Biblia nikaapa. Jioni nilirudi kwenye nyumba ambayo kila neno nililoapa lilikuwa kweli ndani yake. Nikapika ugali wa watu wawili. Nimekuwa mkweli, wifi, na sijawahi kuona nyumba imepoa hivi tangu tulipotoka kuzika.

Hati nimeipeleka. Malimi anasema kiapo kimoja dhidi ya saini mbili kinaweza kuchukua muda.

Kama umekufa kwangu niambie, nijue kulia.

Josepha


Muleba
24 Agosti 2025

Josepha,

Leo sianzi na mbuzi wala mvua.

Ni mimi. Muganyizi alikuja na karatasi imeandikwa tayari na mtu wa sokoni anayejifanya mwanasheria. Huyo mtu alimwambia kwamba sehemu ya mjane ikikatwa inahamia kwa mama mzazi wa marehemu. Muganyizi mwandiko wake ni wa kuku, akaniomba niinakili vizuri, kisha tukasaini wote. Barua yako ya Februari aliikuta chini ya godoro langu. Ile ya Aprili, uliyoandika kwamba hela haiendi kwa mtu, ilinifikia siku nne kabla hatujatuma. Niliisoma. Nikaificha. Barua nikaiacha iende.

Kwa hiyo usiseme nilidanganywa. Nilijua hakuna ng'ombe. Nilijua wakati kalamu ikiandika neno "Desemba."

Nitakueleza na sababu, siyo ili unihurumie. Mume wangu Josephat alipofariki, kulikuwa na mwalimu wa shule ya msingi, Yeremia. Alinitaka kwa heshima. Baba akasema mjane mwenye akili hukaa. Sikuuliza mara ya pili. Nikakaa. Watu wakanisifu, kanisani wakanipa uenyekiti, nikadhani kukaa ni kitu nilichokifanya mwenyewe. Yeremia alioa Karagwe. Wewe ukaniletea barua yako nikiwa na miaka hamsini na nane, sisikii vizuri, nalala chumba kimoja na mama. Sikukasirika kwamba umemsahau kaka yangu. Nilikasirika kwamba uliuliza.

Barua yako ya Julai niliirudia mpaka karatasi ikachanika kwenye mkunjo. Jumatatu nikaenda kwa mtendaji wa kijiji. Nimeandika mbele yake kwamba niliyoandika mwezi wa tano ni uongo, na kwamba sijawahi kusikia wala kuona mahari. Akaniuliza kama najua naweza kushtakiwa. Nikamwambia aongee kwa nguvu. Akarudia. Nikamwambia ndiyo. Nakala moja ameipeleka ofisi za mfuko, nyingine ni hii hapa, ina muhuri.

Muganyizi hanisemeshi. Amehamishia chakula chake kwa mke wa jirani.

Jioni ile ilibidi nimwambie mama kila kitu, maana angesikia kwa watu. Alikuwa amekaa kitandani. Nilidhani presha itampanda. Alisema, "Nani aliwatuma? Mwanangu hakuwa shamba, mpaka mkavune na magugu." Kisha akaniomba fimbo, akaenda mwenyewe mpaka kaburini, akakaa huko mpaka giza. Sijui alimwambia nini Rugemalira. Mimi sikuthubutu kumfuata.

Sikuombi kitu.

Justa


Igogo
12 Oktoba 2025

Wifi Justa,

Shikamoo. Shikamoo na kwa mama, mwambie nimesikia aliyoyasema, na kwamba nilikaa jikoni nikalia nayo.

Rose alikuwa na malaria, amepona. Nice alikuja mara moja kuchukua karo akarudi shule. Kwa sababu pensheni imerudi, wifi. Karatasi yako na yangu zilikutana kwenye jalada, na mwezi wa tisa wakaingiza yote yaliyokuwa yamezuiwa. Malimi alinipigia mwenyewe, sauti yake ilikuwa ya mtu aliyefurahi.

Nilikaa siku tatu bila kumwambia mtu. Ya nne nikaenda Igombe.

Nilimkuta Chenge kwenye mchanga, injini imefunguka mbele yake, mikono ina grisi mpaka viwiko. Amekonda. Hakuinuka. Akasema, "Umekuja kunisalimia au umekuja kuniambia kitu?"

"Pensheni imerudi."

"Vizuri. Karo imepatikana."

"Miezi miwili nimeishi kama nilivyoapa," nikamwambia. "Sitaki kuapa tena."

Akafuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. "Josepha, mimi injini moja kwa wiki. Wiki nyingine hakuna. Siwezi kuwa pensheni."

"Sikuja kutafuta pensheni. Nilikuwa nayo."

Hapo ndipo aliposogea, nikapata nafasi ya kukaa.

Alhamisi iliyofuata nikarudi ofisini nikiwa na barua niliyoichapa mwenyewe. Nimeandika kwamba nitafunga ndoa tarehe 22 Novemba na kwamba kuanzia siku hiyo sehemu ya mjane isimame. Malimi aliisoma mara mbili. "Mama Nice, ndiyo kwanza imerudi. Wangapi wanakuja kunijulisha? Wananijulisha majirani zao."

"Nimeshajulishwa na ndugu mara moja, nimeona ilivyo," nikasema. "Gonga muhuri."

Aligonga. Akaniambia tena kwamba ya watoto itaendelea, nimwambie binti yangu hivyo. Nimemwambia. Lakini ya watoto peke yake haitoshi bweni. Januari Nice atahamia shule ya kutwa hapa jirani kumalizia kidato cha nne, na kwa hilo hajanisamehe. Wiki nzima alinipigia kuongea na Rose tu. Alipokuja, Chenge alikuwepo sebuleni. Akamwambia usoni, bila kusalimia, "Mimi sitakuita baba." Chenge akasema, "Niite Chenge. Ni jina zuri, mama yangu alilifikiria sana." Nice akaenda chumbani. Baada ya muda akatoka akauliza kama kuna chai. Hapo ndipo tulipofika.

Sijui kama nimefanya vizuri. Mchana nikiwa kazini najiona jasiri. Nikipita dirisha la benki najiona mpumbavu niliyewanyima watoto wangu kwa ajili ya nafsi yangu. Yote mawili yanakaa ndani yangu na sioni moja likimfukuza mwenzake.

Sasa nisikilize. Barua hii siyo ya kuomba neno la familia. Niliomba tangu Februari, sikupewa. Hii ni ya kukualika. Misa ni saa nne asubuhi parokiani kwetu. Basi la Ijumaa litakufikisha mapema, Chenge atakupokea kituoni, yeye huongea kwa nguvu kwa sababu ya injini, utamsikia. Mama akiweza, aje. Muganyizi mwambie au usimwambie, hilo nakuachia.

Sijakusamehe bado, wifi. Nimejaribu mara kadhaa, nikifika kwenye neno "Desemba" nakwama. Huenda tarehe 22 nitakuwa sijamaliza.

Njoo hivyohivyo.

Josepha